Siku Mashua ya Mavyaa Ilipofuka Moshi

Kama umewahi kuona maji yakiwasha moto, ruka maneno haya uende kwenye shughuli zako. Kama hujawahi, vuta kiti. Nimebeba mizigo kwa mashua kati ya Takaungu, Kisauni na Likoni kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Leo ninyi mnaoendesha malori ya saruji pale Changamwe mnaniita nyanya na mnanishika mkono nivuke barabara. Nashukuru sana, ila msidhani mizigo ilianza na magurudumu.

Enzi za ujana wangu, miaka ile ya vita vikuu vya pili, saruji ilikuwa kitu cha wakubwa. Sisi wengine tulijenga kwa chokaa. Unavunja matumbawe ufukweni, unayapanga juu ya rundo kubwa la magogo, unatia moto, na yakishapoa unaokota mawe meupe, mepesi, makavu kupita kiasi. Mawe hayo tuliyaita chokaa hai. Ukiyamwagia maji yanapiga kelele, yanavimba, yanatoa mvuke, yanapasuka, na mwisho yanalala chini yakiwa unga. Hapo ndipo tunasema chokaa imezimwa. Iliyozimwa unaweza kuibeba kichwani mvua ikinyesha. Ile hai huibebi hivyo, na msomaji mwenye haraka anaweza kushika neno hilo moja tu akaniacha hapa.

Jina langu la ubatizo ni Damari. Kwetu ni Rabai, na bahari niliiona kwa karibu siku nilipoolewa. Mume wangu Elieza alikuwa mtu wa Kisauni, mrefu, mcheshi, mwenye majibu ya kila swali hata kabla hujauliza. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo kwa mashua ndogo ya tanga moja, yeye na binamu yake. Vita vilipopamba moto bandari ikawa na njaa ya watu, binamu akaenda kupakua meli, na mashua ikavutwa juu ya mchanga ikakaa miezi bila kuguswa. Mtu mmoja hawezi kushika usukani na kamba ya tanga na kufua maji yanayoingia, labda awe na mikono minne.

Mimi nilikuwa na miwili iliyokuwa haina kazi. Nikamwambia Elieza, "Nichukue mimi." Akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alifikiri kidogo, akasema, "Tumuulize mama."

Kumbe hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mashua haikuwa ya Elieza. Ilikuwa ya mamake, mavyaa yangu, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya pili, na kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akishuka pwani kuikagua mashua yake kwa vidole, ubao kwa ubao.

"Safari moja," alisema. "Nawapa safari moja. Ikirudi kama nilivyowapa, endeleeni. Ikirudi na kasoro, naiuza. Yuko mtu wa Mtwapa anaitaka tangu mwaka juzi. Nawe Elieza utakwenda bandarini kama wenzako."

"Na Damari je, mama?"

"Damari ana jembe."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo palipouma. Waliokwenda bandarini walikuwa wakilala Changamwe kwenye makambi ya wafanyakazi, na wake zao waliwaona Jumapili, tena wakiwa wamechoka na wenye hasira. Mimi nilikuwa nimeolewa miezi mitano. Nilimpenda yule mwanamume na vicheko vyake, na sikutaka mume wa Jumapili. Mashua ile ndiyo iliyokuwa ikimlaza nyumbani.

Basi tukaishusha majini. Kuna jambo la kazi hapa, na hata kama hamtapanda mashua maishani nitaliandika, kwa sababu sijaliona limeandikwa popote. Mashua iliyokauka lazima inywe maji kabla ya kubeba mzigo. Mbao zikinywa zinavimba na kubanana. Elieza aliinywesha siku mbili, tukaona ndani ni pakavu, tukafurahi. Tulisahau kwamba mashua tupu inaelea juu. Mbao za chini zilikunywa, mbao za juu zilibaki na kiu yao. Ukishapakia mzigo mashua inashuka, na zile mbao za juu nazo zinaingia majini zikiwa na nyufa zao zote. Kosa hili nimeona manahodha wenye mvi wakilifanya, kwa hiyo msitucheke sana.

Safari ya kwenda Takaungu kuchukua chokaa ilituchukua siku mbili, tukipinda huku na huku kwa sababu kaskazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza na ilitupiga usoni. Nilitapika mpaka nikawaza kurudi Rabai kwa miguu. Elieza alinifundisha kutazama nchi kavu badala ya kutazama miguu yangu, na kunyonya limau na chumvi. Alinifundisha pia kazi ya kamba inayovuta pembe ya tanga, tuliyoiita demani: usiifunge kamwe kwa fundo, ishike mkononi, ili upepo ukija ghafla uiachie. Hadi leo nikishika kamba ya kuanikia nguo huwa siifungi mpaka nikumbuke kwamba niko nchi kavu.

Mwenye tanuu la chokaa kule Takaungu alikuwa Mzee Bakari, mtu mpole ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi. Alitukaribisha kahawa, akatuonyesha chokaa yake iliyotoka motoni juzi.

"Nipeni siku nane niizime, niipepete, muipakie," alisema.

Elieza akatikisa kichwa. Mwenye kuingoja chokaa alikuwa fundi mmoja mwashi wa Likoni, aitwaye Fundi Saidi, na huyo alikuwa na masharti yake. Alitaka chokaa hai, aizime mwenyewe. Alikuwa ameshauziwa unga uliochanganywa na mchanga mara nyingi, na alisema jiwe hai haliwezi kumdanganya: ukilimwagia maji, lichemke au lisichemke.

"Basi na mtu huyo aje aichukue kwa punda," alisema Mzee Bakari. "Chokaa hai baharini? Wallahi, kijana, mimi ningeogopa hata kutema mate karibu nayo."

"Tutaifunika, mzee. Na isitoshe iliyozimwa inavimba, itabidi tuje mara mbili. Hii tunaimaliza kwa safari moja."

Mzee Bakari akanigeukia mimi. "Nawe mwanangu wasemaje?"

Hapa naungama. Miaka mingi nimesikia watu wakisimulia kisa hiki na kumtwika Elieza lawama zote. Mimi niliulizwa. Nilifikiria zile siku mbili za kutapika, nikafikiria kuzirudia, nikasema, "Safari moja inatosha, mzee." Akashusha pumzi. Akaingia ndani akatoka na chupa ya mafuta ya nazi, akaniambia nijipake mikono na uso kabla ya kugusa mzigo, na ikiingia machoni nianze kwa mafuta. Hakutaka kulipwa chupa ile.

Tulitandika makuti makavu chini, tukapanga juu yake chokaa ndani ya makanda, ile mifuko ya ukili, tukafunika kwa turubai kuukuu. Asubuhi tukatoka kwenye mlango wa hori la Takaungu, ule mkono wa bahari, upepo sasa ukitusukuma kwa nyuma. Na kaskazi ile iliyokuwa changa siku tatu zilizopita, sijui ililishwa nini. Ilikuwa imekua.

Nje ya mwamba bahari si ile mnayoiona mkipigia picha ufukweni. Mawimbi yalikuja kutoka nyuma, upande wa bahari kuu, yakainua tezi, yaani nyuma ya mashua, juu, halafu yakapita chini yetu na kutuacha tumetazama angani. Mashua ililalia upande wa bara. Mimi nilikaa upande wa juu, nimening'iniza mgongo nje kuizuia isilale zaidi, demani mkononi, na midomo ikisali sala zote nilizozijua, hata za kushukuru chakula. Elieza alikuwa akiimba. Nikamuuliza kwa ukali anaimba nini wakati kama ule. Akasema anaogopa, na akiogopa huimba. Hapo ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ameimba tangu Takaungu.

Mtwapa tukaipita. Watu wananiuliza kila mara mbona hatukuingia Mtwapa. Hatukuingia kwa sababu tulipokuwa Mtwapa mambo yalikuwa bado shwari, na hakuna mtu anayekimbilia bandari kwa kuogopa jambo ambalo halijatokea.

Kilomita chache baadaye nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya jiko, ya jiwe lililomwagiwa uji. Nikadhani ni watu wa pwani wanapika, nikasahau kwamba pwani ilikuwa mbali na upepo unatoka baharini. Halafu nikaona turubai linapumua.

"Elieza," nikasema, "mzigo unatoa mvuke."

Alinyamaza kuimba, kisha akaniamuru nimpe demani nikatazame. Ilibidi ashike usukani kwa kwapa na demani kwa mkono, na hakuweza kufanya jambo jingine lolote, maana akiachia kimoja wimbi linatugeuza ubavu na kutupindua. Kwa hiyo yaliyofuata yalikuwa yangu peke yangu, na mimi sikujua kuogelea.

Nikajipaka mafuta, nikajifunga leso usoni, nikafunua. Kumbe kwenye ule ubavu uliolala, zile mbao za juu zenye kiu zilikuwa zinakunywa. Maji yalipenya taratibu, yakateremka mpaka kwenye makanda ya chini. Kanda moja lilikuwa limevimba limepasuka, na ndani yake chokaa ilikuwa inachemka yenyewe kwa yenyewe. Lililo karibu nalo lilikuwa linaanza kuguna. Na yale makuti chini yalikuwa yamegeuka meusi kingoni na kutoa moshi.

Niliinama nichote maji ya bahari nimwage. Ndiyo, na mimi! Miaka yote ya maisha yako ukiona moto unatafuta maji, na mkono wangu ulikuwa umeshachota. Elieza akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena kwake. Nikaganda, kata ya bati ya kufulia maji mkononi, nikayarudisha maji baharini polepole.

Sasa ninyi wapakizi na wapakuzi, hesabuni nami. Makanda yaliyoshika moto yote yako upande mmoja. Nikiyatupa hayo tu, mashua itainuka ghafla upande huo na wimbi litaichukua. Ikabidi kila kanda la moto ninalolitupa upande wa bara, nivute na moja zima la upande wa bahari nilihamishie katikati. Nilikuwa msichana mwembamba. Sijui nguvu zilitoka wapi, na sitaki kuwapa jibu la kanisani kwa sababu nilikuwa nikitukana. Kanda la moto likigusa bahari lilipiga mlio kama mafuta ya maandazi, likatoa wingu, likazama. Nilitupa kumi na moja.

Makuti yaliyokuwa yanaungua niliyazima kwa mchanga. Kila mashua ilikuwa na sanduku la mchanga la kupikia, mawe matatu juu yake, na siku hiyo lilitupikia kitu kingine. Nililimimina lote. Moshi mkubwa ukakoma ukabaki mdogo.

Lakini ufa ulikuwa bado unakunywa, na bado makanda mengi yalikuwa ndani. Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nikikiona Kisauni kila mwezi bila kukitilia maanani: wanaume wakipaka matumbo ya mashua zao kwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ambao ukikauka maji hayapiti. Mafuta nilikuwa nayo. Chokaa, Mungu wangu, chokaa ndiyo iliyotaka kutuua. Nikachota unga wa lile kanda lililokuwa limeshajizima lenyewe, nikamimina mafuta yote ya Mzee Bakari, nikakanda juu ya ubao wa kukalia. Nikararua leso yangu vipande, nikavichovya, nikavisukumia kwenye ufa kwa mpini wa kisu. Kipande baada ya kipande, na wimbi likinipiga kofi kila baada ya kipande. Chembe ikaniingia jicho la kushoto. Sikubakiwa na mafuta ya kuliosha, nikalisugua kwa nywele zangu nilizokuwa nimezipaka mafuta ya kwendea kanisani Jumapili iliyopita. Jicho hilo bado linatoa machozi upepo ukivuma, na wajukuu zangu hudhani nalia.

Ufa ukaziba. Sisemi ukapungua, nasema ukaziba. Nikakaa juu ya mzigo, nikamtazama Elieza, naye akaniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona. Akaanza kuimba tena, na safari hii nikaitikia.

Mngedhani yamekwisha. Tulikuwa tumefika mkabala na mlango wa bandari, Likoni inaonekana mbele yetu, tukitoa kamoshi kembamba kwa nyuma. Wakati wa vita mlango ule ulikuwa unalindwa, na chombo kidogo kikionekana kinafuka moshi nje yake hakiachwi kipite kimya kimya. Boti la doria likaja mbio. Mbele alisimama Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na kando yake askari wa Kidigo. Nyuma yao watu wawili walikuwa wamekumbatia mpira wa maji, pampu inanguruma.

"Ee dada!" askari akapaza sauti. "Mashua yenu yaungua! Tulieni, twawatia maji!"

"Msitie!" nikapiga kelele. "Msitie maji! Ni chokaa hai!"

"Maji ni ya bure, dada, msiogope!"

"Mkitia maji tunaungua!"

Askari akamtafsiria mkubwa wake. Mzungu akatutazama: mwanamume anaimba, mwanamke mweupe pepepe kwa vumbi kutoka utosini hadi magotini, nguo zimeraruka, jicho moja limefumba, mashua inatoa moshi, na wanakataa maji. Akasema kitu kifupi. Askari akatuambia kwa huruma, "Bwana asema jua limewapanda kichwani. Watatia."

Ule mpira ukaelekezwa kwetu. Makanda yaliyobaki yakipata maji yale yote kwa pamoja, isingebaki mashua ya kurudishiwa mtu. Nikainuka, mimi niliyekuwa siwezi kusimama mashuani bila kushika kitu, nikachukua jiwe la chokaa la kadiri ya ngumi, nikalitia ndani ya kata. Nikachota maji kidogo juu yake. Nikainua kata juu kuelekea kwao, nikasema, "Mwambie atazame."

Wakatazama. Jiwe likakaa kimya. Mawimbi yakatupandisha na kutushusha, jiwe likakaa kimya. Mzungu akatazama saa yake. Nikaliambia jiwe lile, moyoni, maneno ambayo sitayaandika. Ndipo likafanya mlio mdogo, tik, kama kucha juu ya meza. Kisha tik nyingine. Halafu likapasuka mara moja, kata yote ikachemka ikarusha uji mweupe wa moto hewani, nami nikaiangusha miguuni nikajipuliza vidole. Mzungu alikuwa ameshainama nyuma ya pampu.

Alipoinuka alitoa amri moja na mpira ukakunjwa haraka haraka. Askari alikuwa akicheka mpaka kofia imemwanguka. "Dada," akasema, "bwana auliza mwabeba mabomu?"

"Mwambie tunabeba nyumba," nikamjibu.

Walitusindikiza mpaka Likoni, lakini kwa mbali, kama mtu anayemsindikiza ng'ombe mkali wa jirani. Tukapandisha mashua kwenye mchanga kando ya Timbwani. Fundi Saidi akaja na ndoo, akachagua jiwe, akalimwagia maji, akaliangalia likichemka kama mama anayeangalia mtoto akila. "Hii ndiyo chokaa," akasema. "Lakini mbona mwanuka kama wali ulioungua?" Hakulalamika sana kuhusu makanda yaliyopungua. Alisema ni mara ya kwanza kuletewa mzigo na watu waliougombania.

Kesho yake tukaruhusiwa kupita ndani ya bandari kurudi Kisauni, na njia nzima Elieza alikuwa akitunga. Ndani ya mashua, chini, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia, na kwenye ubavu mstari mrefu wa deheni wenye vipande vya leso vinachungulia. Kwa hiyo, alisema, boti la doria lilitugonga. Hapana, lilitugonga likiwa na taa ya moto, taa ikaangukia ndani. Hapana, mafuta ya taa yalimwagika kwanza, ndipo likatugonga. Nilimwambia mimi nitanyamaza, aseme yeye. Tulikuwa tunaogopa wote wawili. Nilimwona akiitazama ile mashua kama mtu anayeaga.

Mavyaa alikuwa anatungoja ufukweni. "Shikamoo, mama," tukasema. Aliitikia bila kututazama, akajifunga leso vizuri, akaingia ndani ya mashua. Akainama akanusa. Akapitisha vidole kwenye lile doa.

"Damari!"

"Abee, mama."

"Ni nini hiki?"

"Mama," Elieza akaanza, "lile boti la askari—"

"Nimemwita Damari."

Sikusema ukweli kwa utakatifu. Niliusema kwa sababu nilishindwa kukumbuka uongo wa Elieza ulianzia wapi. Nikaueleza wote: chokaa hai, onyo la Mzee Bakari, mbao za juu, moto, makanda kumi na moja, na kwamba niliulizwa nami nikakubali. Mavyaa akapiga magoti, akaukwaruza ule ufa kwa ukucha. Akaukwaruza kwa ufunguo. Deheni ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Nani kaziba?"

"Mimi, mama."

"Bahari ikichafuka hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Akasimama akajipangusa magoti. "Nilisema ikirudi na kasoro naiuza. Imerudi na kasoro, na mimi si mtu wa kubadili maneno. Naiuza."

Elieza akainamisha kichwa. Mimi nikaona Jumapili zote za maisha yangu zimepangwa mbele yangu.

"Damari, una kuku wangapi?"

Nikadhani sikusikia. "Watatu, mama."

"Niletee mmoja. Yule mwekundu. Yule mtu wa Mtwapa hata kuziba hajui, ataizamisha mashua ya mume wangu kabla ya Pasaka." Akashuka, akaondoka, na kabla ya kufika kwenye minazi akageuka kupaza ile sauti yake. "Leo hii, kabla ya chakula!"

Hivyo ndivyo nilivyonunua mashua kwa kuku mmoja. Habari ikaenea Kisauni kabla kuku hajachinjwa, na watu walikuja kumcheka Elieza mlangoni, kwamba ameajiriwa na mkewe. Alicheka nao, lakini walipoondoka hakucheka tena. Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Kitanda upande wake kilikuwa baridi, na shati lake la kazi halikuwepo msumarini. Nikajua amekwenda bandarini. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia kweli, kwa macho yote mawili, nikijiambia kwamba nimepata mashua na kupoteza aliyenifanya niitake.

Nikashuka pwani kuiangalia tu, kwa kuwa ilikuwa yangu na sikujua nitaifanya nini peke yangu. Elieza alikuwa ndani yake. Alikuwa anafua maji kwa ile kata iliyopinda kwa joto, ametandika makuti mapya, na alikuwa amekaa mbele, kwenye nafasi yangu, ile ya kushika demani. Usukani ulikuwa wazi.

"Umechelewa, nahodha," akasema. "Leo tunapakia nini?"

Nikajifuta machozi, nikapanda, nikaushika usukani.

"Nazi," nikamwambia.